Miguu ya Copper Ferry

Kilbrack, karibu na Fethard, Tipperary
Jumapili, 22 Januari 1961

Mdogo wangu Malachy,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Nyonga ya Baba haijaunga vizuri. Anatoka kitandani kwenda motoni, motoni kwenda dirishani, basi. Daktari alimwambia asahau kupanda ngazi. Baba akamjibu kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na ngazi, na daktari mwenye macho angeliona hilo alipokuwa anaingia. Mbweha amekula kuku watano. Mvua haijakatika tangu mwaka uanze. Soksi nimezituma kwa meli, usizigawe.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe mosi Januari, siku ambayo farasi wote wa mbio huhesabiwa mwaka, Peg alitimiza miaka kumi na tisa. Daktari wa mifugo anasema labda amebakiza kuzaa mara moja tu, na tusimdai zaidi. Tukipata jike, tutamweka arithi nafasi ya mama yake. Tukikosa, farasi wa mbio wameishia kwa Peg katika shamba hili, baada ya miaka sitini.

Kasoro yake unaijua. Kwato za mbele zinatazama nje, kama mtu anayesubiri dansi ianze. Watoto wake saba wote wameichukua, na kila mmoja ameumia magoti kabla ya mbio ya nne. Baba amekuwa akisema neno moja tu tangu aanguke: "Mmoja aliyenyooka, Delia. Mmoja tu." Kwa hiyo tunatafuta dume mwenye miguu ya mbele iliyonyooka, amrekebishe.

Na sikiliza hili. Shamba la Rathgannon, maili tisa kutoka hapa, limenunua dume kutoka Kentucky, jina lake Copper Ferry. Baba alisoma gazetini kwamba alizaliwa kwenye shamba la Prewitt mwaka 1955. Wewe uko kwa Prewitt tangu 1952. Je, si wewe uliyemlea? Baba keshajijibu mwenyewe. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa Peg anaolewa na farasi aliyelelewa kwa mkono wa Malachy.

Hajazalisha bado, huu ni msimu wake wa kwanza, kwa hiyo hakuna watoto wa kutazama. Dume asiye na watoto kila mtu anamwotea anavyotaka. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mwingine wa karibu ni Tinsmith, yule wa kijivu wa Darmody. Baba anasema ana kichwa kama ndoo, na heri Peg aende utawani. Unajua hawajasemezana na Darmody tangu ugomvi wa ua wa mpaka wa mashamba mwaka 1947.

Tuandikie upesi.

Dada yako,
Delia


Lexington, Kentucky
14 Februari 1961

Mpendwa dada Delia,

Barua yako imefika. Nashukuru kwa soksi, hazijafika lakini nashukuru. Nisamehe mwandiko, vidole vimepasuka kwa baridi. Watoto wa farasi wameanza kuzaliwa na silali zaidi ya saa tatu mfululizo. Nimefika miaka thelathini na minne na mgongo wangu una sitini. Mwambie Baba kwamba mkate wa mahindi wa huku bado sijauzoea, na kila Jumapili nauota mkate wako wa magadi.

Kuhusu Copper Ferry, ndiye. Nilikuwa pale alipoanguka kwenye majani makavu. Sisi watunzaji tulimwita Shemasi, kwa sababu anainamisha kichwa kabla ya kula, kama anasali. Hajawahi kumng'ata mtu. Unaweza kulala miguuni pake, na mimi nimelala. Anakula kila kitu, hata siku ya mbio, hata baada ya safari ya treni. Kifua ni kipana, moyo ni mkubwa. Alishinda mara kumi na moja, na mara mbili alishinda akiwa amebanwa kwenye uzio wa uwanja na akajitafutia njia mwenyewe bila kupigwa fimbo. Farasi wa namna hiyo hafundishwi. Baba yake alishinda umbali mrefu, na bibi yake upande wa mama alizaa washindi sita.

Siku aliposafirishwa nilimshika mimi mpaka ndani ya lori. Alinigeukia. Najua farasi hawaagi, lakini aligeuka.

Nisalimie Baba. Nisalimie Peg.

Ndugu yako,
Malachy


Kilbrack
12 Machi 1961

Malachy mpenzi,

Barua yako Baba ameisoma mpaka imekatika kwenye kunjo. Sehemu ya Shemasi anaisoma kwa sauti kwa wageni, na padri ameisikia mara mbili. Hatujambo. Kwaresima imetukondesha, isipokuwa Baba, anayesema wagonjwa wamesamehewa.

Jumanne nilikwenda Rathgannon kumwona mwenyewe. Mtunzaji alimsimamisha kwenye nyasi ndefu zinazoficha kwato, mahali penye mteremko kidogo, akatabasamu. Nikamwambia, "Kaka, mimi ni binti wa Tuohy. Mtoe hapo umlete kwenye saruji." Akaacha kutabasamu, akamleta. Nikataka amtembeze kuja kwangu, kisha kwenda, kisha aje mbio taratibu. Nilichuchumaa kwenye matope pembeni ya saruji nikiwa na koti langu la Misa. Malachy, miguu ile imenyooka kama miguu ya meza. Nilitafuta kosa nikalikosa. Ni mwekundu kama sarafu mpya, na ni kweli anasali kabla ya kula.

Tumepewa tarehe 11 Aprili. Mtoto asipozaliwa hatulipi, ndiyo desturi yao.

Lakini nina swali. Uliniandikia kurasa nzima. Ukataja kifua, moyo, tumbo, bibi yake. Nilikuambia tunatafuta miguu, na hukuandika neno moja juu ya miguu. Baba anasema ni kwa sababu hakuna la kusema. Mimi ndiye niliyekufundisha kudanganya, Malachy, siku ile ya maziwa yaliyomwagika, na ninajua unavyokuwa ukinyamaza.

Niambie kabla ya tarehe 11.

Delia


Lexington
19 Aprili 1961

Dada Delia,

Natumaini nyote ni wazima. Mimi ni mzima. Barua hii nimeiandika mara tatu, na ya kwanza ilikaa mfukoni mwa koti wiki tatu mpaka ikanuka dawa ya farasi. Tarehe 11 imepita, najua. Hii naipeleka kwa ndege. Labda Peg hakushika mimba. Mimi, ndugu yako, naomba Peg awe hakushika.

Miguu ya Copper Ferry si yake. Ni yangu.

Alizaliwa kwato zikitazama nje kuliko za Peg. Kuliko za Peg, Delia. Dada zake wawili walikuwa hivyo hivyo, waliuzwa mbali kimya kimya. Bwana Prewitt alimtazama akasema, "Hapa pana kifua cha farasi elfu na miguu ya bata." Akatuita mimi na Lemuel Gaines, mzee anayejua kwato kuliko mtu yeyote Kentucky. Lemuel akanifundisha. Kuanzia wiki ya nne, kila baada ya siku kumi, nilishika tupa nikapunguza ukingo wa nje wa kwato, kidogo tu, unene wa kucha. Mtoto akikanyaga, mguu unageuka ndani kidogo. Mfupa wake bado ni laini, unafuata. Nilifanya hivyo mwaka mzima sikukosa hata siku moja. Nilikuwa nampima kwa uzi. Siku moja Lemuel akaja akasimama nyuma yangu, akasema, "Mwairishi, unamfundisha huyu kusimama au kusema uongo?" Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Kwa mbio, hakuna ubaya. Mguu ulionyooka ni mguu ulionyooka, alishinda kwa huo. Lakini damu haijui tupa. Watoto wake watazaliwa kama yeye alivyozaliwa, na kwa Peg, mwenye kosa lile lile, itakuwa mara mbili.

Bwana Prewitt alitushika mikono wote wawili tukaahidi kwamba jambo hili halitoki zizini. Ningekuambia ndiyo sababu ya kunyamaza, lakini si hiyo. Ahadi ya Prewitt ningeivunja kwa ajili yako bila kukuna kichwa. Sababu ni kwamba miaka tisa huku nimebeba samadi, maji na majani. Farasi huyu ndiye kitu pekee nilichotengeneza kwa mikono hii ambacho watu walisafiri kuja kukitazama. Walikuwa wanachuchumaa kama wewe ulivyochuchumaa, wanatafuta kosa, wanalikosa. Nilikuwa nashika kamba nikiangalia juu, na nilikuwa najisikia mtu. Kisha wewe ukaandika kwamba Baba anawasomea wageni.

Basi. Umejua.

Malachy


Lexington
9 Julai 1961

Dada Delia,

Natumaini kimya ni kazi ya nyasi na mvua, si ugonjwa. Soksi zimefika, zinanitosha. Huku joto ni la kuchemsha yai. Lemuel ameacha kazi, magoti, amekwenda kwa binti yake.

Nimepata barua za watu wote isipokuwa yako. Kama umekasirika, kasirika kwa karatasi, nitasoma.

Malachy


Kilbrack
8 Oktoba 1961

Malachy,

Sisi ni wazima. Viazi vimetoka vizuri, ila vya upande wa mto vimeoza. Baba anatembea na fimbo mpaka mlangoni. Peg ana mimba.

Barua yako ya Aprili niliipata. Baba hajaiona. Anaendelea kuwaambia watu kuhusu Shemasi, na mimi sijamzuia. Sijakasirika. Nilikuwa na mambo ya kufikiri, na mengine siwezi kuyaandika kwa sasa, kwa hiyo usiniulize.

Vaa kofia.

Delia


Lexington
11 Februari 1962

Mpendwa Delia,

Salamu kwako, kwa Baba na kwa Peg mwenye tumbo. Hapa theluji imefika magotini. Nimehamia chumba kilichokuwa cha Lemuel, kina dirisha.

Hukutaka niulize na siulizi. Lakini Peg atazaa Machi, kwa hiyo nakuandikia la kufanya, ulifanye au usilifanye. Usiguse kwato kabla ya wiki nne. Kisha mwite mhunzi, asikate kwa kisu, atumie tupa tu. Ukingo wa nje, unene wa kucha, kila siku kumi. Mtoto asimame kwenye udongo mgumu, si majani. Nimekuchorea ukurasa wa pili, mstari mweusi ndio uzi wa kupimia. Ukifuata hivyo, kufikia vuli atakuwa amenyooka, na Baba atamwona amenyooka. Najua si kile alichoomba. Ni kile nilicho nacho.

Ningekuja nifanye mwenyewe, lakini mwezi huo tuna majike thelathini na wawili wanaozaa.

Ndugu yako asiyelala,
Malachy


Kilbrack
Jumapili, 27 Mei 1962

Malachy mpenzi wangu,

Kaa chini kwanza. Hatujambo wote, na sasa naweza kusema "wote" bila kuficha mtu. Mayai ni mengi, mbweha amepigwa risasi na kijana wa Lonergan, na Baba amenenepa. Hukunikosea hesabu ya Machi, ni mimi niliyekuacha uhesabu vibaya. Peg alizaa tarehe 17 Aprili, peke yake, asubuhi nikiwa nachemsha chai. Jike. Jike, Malachy.

Sasa nianze mwanzo. Mwaka jana tarehe 11 Aprili nilimpeleka Peg kwa Copper Ferry kama tulivyopanga. Baada ya wiki tatu nikamrudisha Rathgannon wamjaribu. Wana yule farasi mdogo mwenye madoa ambaye kazi yake ni kuposa tu. Wanamleta kwenye uzio wa mbao, anabembeleza majike, na jike aliyekubali anapelekwa kwa mwingine. Mwenye mimba huwa anampiga teke. Peg hakupiga. Alimwegemea kama mjane kwenye harusi. Hakuwa ameshika. Wakaniambia nimwache pale, kesho yake apandwe tena na Copper Ferry. Nikawaambia nitamleta mwenyewe asubuhi.

Nilipofika nyumbani barua yako ilikuwa juu ya meza. Baba alikuwa amelala.

Niliisoma nimesimama. Nilikaa na fikira moja tu: nikimwambia Baba hatuendi kwa Copper Ferry, atataka kujua kwa nini, na nikimwambia kwa nini, nitakuwa nimekuua wewe mbele ya moto wake. Alikuwa keshamsomea padri barua yako. Asubuhi nikamfunga Peg kamba, Baba akatupungia mkono dirishani, tukatoka getini kuelekea Rathgannon. Kwenye njia panda nikakata kushoto kwenda kwa Darmody.

Darmody alikuwa anakula. Akatazama kamba, akatazama Peg, akasema, "Baba yako amekufa?" Nikamwambia hapana, na hatakiwi kujua. Akatafuna mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Basi Tinsmith hatamwambia." Peg nikamwacha zizini kwake, na siku hiyo hiyo nikawatembelea watoto wa Tinsmith kwenye mashamba matatu kabla sijakubali, wa miaka kumi na miwili ya uzazi, wale wa kukokota, wale wa kuruka, wote wanatembea kama wamepigiwa mstari. Na mama yake Tinsmith bado yupo hai, nikamwinua miguu. Hakuna tupa iliyowahi kupita pale. Ndiyo maana sikukujibu. Ningeandika nini? Ningekuambia umesalimika, ungemwandikia Baba kwa furaha ukatusaliti wote wawili. Ndugu yangu, wewe huwezi kutunza siri nzuri, unaweza mbaya tu.

Kilichobaki kilikuwa rangi. Tinsmith ni wa kijivu, na watoto wake nusu wanatoka kijivu, nusu hawatoki. Nilisali kila jioni atoke kahawia kama Peg. Akatoka kahawia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka Baba akauliza kuna nini. Na alisimama, Malachy! Baada ya nusu saa alisimama, na zile kwato za mbele zikatazama mbele. Baba aliletewa kiti mlangoni. Alimtazama mtoto kuanzia kwato mpaka masikio. Kisha akasema, "Mwandikie Malachy." Nikasema nitaandika. Sikuandika, uso wangu ulikuwa unaona haya hata mbele ya karatasi.

Kila siku amekuwa akikaa pale mlangoni kumtazama. Wiki iliyopita akaniita.

"Delia. Lete miwani yangu."

Nikaleta. Mtoto alikuwa amekuja karibu, ananusa fimbo yake. Baba akamshika shavu, akamgeuza kwenye mwanga. Manyoya ya kuzaliwa yameanza kutoka, na kuzunguka macho kuna duara la nywele nyeupe.

"Copper Ferry ni mwekundu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na Peg ni kahawia."

"Ndiyo, Baba."

"Basi huyu mvi kazipata wapi? Kwa mawazo?"

Unajua kwamba farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nyingine, mvi zikaanzia machoni, jambo nililolisahau kwa furaha, na kwamba hakuna wa kijivu asiye na mzazi wa kijivu, na Baba alijua hilo kabla ya mimi kuzaliwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Malachy alikuandikia kitu?" Nikaenda nikaitoa chini ya godoro, nikampa. Aliisoma mwenyewe, polepole, akifuatisha kwa kidole. Ule mstari wa kusimama na kushika kamba ukiangalia juu, aliurudia. Kisha akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa kizibao, na hajanirudishia mpaka leo.

Siku mbili alikaa motoni, hakwenda mlangoni. Siku ya tatu akamwita jirani yetu Kitt Lonergan alete gari, akavaa suti ya mazishi, akataka apelekwe kwa Darmody. Nikaenda naye nikiogopa. Darmody akatoka na gunia la viazi begani.

"Tuohy," akasema. "Miaka kumi na mitano. Umefuata nini?"

Baba akajishika kwenye mlango wa gari mpaka akasimama sawasawa.

"Nimekuja kumsalimia mkwe wangu," akasema.

Darmody akaliweka gunia chini. Akaenda kumtoa Tinsmith, akamleta kwenye saruji bila kuambiwa. Wazee wawili walisimama pale saa nzima. Hawakutaja ua hata mara moja, na leo baada ya Misa Baba mwenyewe amewaambia watu wote getini kwamba mtoto wa Peg ni wa Tinsmith, na kwamba anayetaka kucheka acheke sasa, maana mwakani hatapata nafasi. Hakueleza kwa nini tulibadilisha. Aliulizwa, akasema binti yake ana macho.

Kwa hiyo mchoro wako sitautumia, lakini nimeutunza. Jike anabaki hapa. Jina hana bado, Baba anataka ulichague wewe.

Amekaa hapa pembeni wakati ninaandika, ananiambia la kuandika na la kutoandika. Anasema kosa lako ni kubwa. Anasema kazi ya tupa ni nzuri mno, yeye mwenyewe angechuchumaa na asingeona. Kisha akachokoa moto, akasema kwamba angekuwa yeye aliyetengeneza miguu ile, na watu wanasafiri kuja kuitazama, angekwenda nayo kaburini asimwambie hata dada yake.

Halafu akaniambia hilo la mwisho nisiliandike.

Dada yako akupendaye,
Delia